Siku Ulipoanua Dagaa Ukumbini Mukendo

Bukima, nyumbani, jioni ya kuamkia safari yako

Mama yangu Nyafuru,

Barua nyingi nilizowahi kupokea zinaanzaga na "mimi mzima, sijui wewe". Mimi siwezi kuandika uongo huo. Kwamba wewe ni mzima najua, maana nimekusikia sasa hivi ukicheka kwa jirani, wewe na mama yako mkiaga nyumba kwa nyumba. Kwa jinsi mama yako anavyoagaga watu, mpaka mrudi mimi nitakuwa nimemaliza karatasi zote. Na mimi ni mzima pia, isipokuwa koo. Tangu siku ile ya ukumbi wa Mukendo, Musoma mjini, sauti haijanirudia vizuri, na mama yako anamshukuru Mungu kwa hilo.

Mambo ya sabuni, ya shuka, ya nani wa kumwamini ndani ya basi na nani wa kumkwepa, hayo mama yako amekwisha kuyasema, na kesho atayarudia mpaka dereva awashe gari. Mimi sitayagusa. Nataka kukuandikia siku ile. Wewe ulikuwa jukwaani, hukuiona. Na mjini wameanza kuisimulia vibaya, eti baba yake Nyafuru alipanda jukwaani amelewa. Haki ya Mungu, hata chai nilikuwa sijanywa! Niliingia kukuokoa, nikakosea, na nataka usikie kutoka kwangu mwenyewe nilikosea kwa sababu gani.

Kwanza ukumbuke kwamba baba yako, kabla hajaanza kunuka dagaa, alikuwa mtu. Nilikuwa mwalimu wa ngoma wa kiwanda cha nguo, pale Musoma mjini. Vijana wa siku hizi wakisikia kwamba kiwanda kilikuwa na mwalimu wa ngoma wanadhani nawatania. Lakini ndivyo ilivyokuwaga. Kila shirika lilikuwa na kikundi chake cha utamaduni. Mtu anatoka kwenye mashine ya kufuma, ananawa mikono, anafunga njuga miguuni, anakuja uwanjani kwangu. Tulipanda lori la kiwanda, tukaenda kucheza Bunda msimu wa pamba ukifunguliwa, tukaenda Butiama wageni wa nje wakija. Mimi nilikuwa na filimbi shingoni. Nikipuliza mara moja, mstari mzima unageuka. Nikipuliza tena, mstari mzima unainama. Ukiangalia kwa pembeni unaona mgongo mmoja tu. Mama, nilikuwa na raha! Mishahara ikichelewa, sukari ikikosekana, mimi nilikuwa na mstari wangu, na mstari wangu ulikuwa umenyooka.

"Ngoma ni mstari," nilikuwa nawaambia. "Kidole kimoja hakivunji chawa." Nililisema neno hilo mpaka wakaniita Bwana Kidole, nikijua na nikijifanya sijui.

Kulikuwa na kijana wa idara ya rangi, anaitwa Wambura. Siku moja Butiama, katikati ya ngoma, Wambura akaongeza hatua yake. Alirudi nyuma kidogo, akatikisa bega moja, akaingia tena kwenye mstari kama vile hajafanya kitu. Wageni wakapiga makofi kwa furaha. Mimi nikawaka! Tulipomaliza tukapewa soda, na soda ya miaka ile ya foleni, mama, si soda ya leo. Mtu alikuwa anaweza kupeleka chupa tupu nyumbani ili watoto wainuse. Ya Wambura nikamnyang'anya, nikampa dereva. Akarudi mpaka Musoma akimtazama dereva anavyokunywa taratibu, na dereva yule naye alikuwa na roho mbaya, kila kona anashusha chupa na kusema aah. Baada ya hapo Wambura hakuja tena mazoezini. Nikasema afadhali, mstari utanyooka zaidi. Kweli ulinyooka. Na lile bega moja mpaka leo naliona, mistari yote mingine nimeisahau.

Wewe nawe nilikutoa kwenye mstari, unakumbuka? Ulikuwa kwenye kundi la watoto wa wafanyakazi. Wenzako wakienda kulia wewe unakwenda kushoto. Nikadhani hujui kulia. Nikakushika mkono, nikakuonyesha, hii ya kulia hii ya kushoto, ukanijibu, "Najua baba, ila nataka kuona kwa huku kunakuwaje." Ukiwa na meno ya maziwa! Nikakuweka kando, ukakae kwenye kreti la nyuzi. Hukulia. Ulikaa pale kila jioni ukitutazama, kidevu kwenye magoti, nami nikasema mtoto huyu amenuna. Kumbe ulikuwa darasani.

Halafu dunia ikageuka. Kwanza vipuri vikakosekana, mashine zikawa zinakufa moja moja. Halafu ikaja ruksa, kila mtu auze anachotaka, na mitumba ikajaa sokoni kama mafuriko. Nakumbuka nilimkuta mfumaji wetu mmoja anachagua shati la mtumba pale Mukendo. Nikamwambia, "Wewe, unavaa nguo ya kushindana na kiwanda chako?" Akanijibu, "Mwalimu, hili lina vifungo vyote." Kikundi cha ngoma ndicho kilifungwa kwanza, kabla hata ya mashine kusimama. Wakanipa ile ngoma kubwa iwe zawadi ya kuniagia. Baadaye king'ora cha kiwanda nacho kikanyamaza.

Hapo nikafanya kosa ambalo mama yako hanitanii nalo hata leo, na wewe unajua mama yako hutania kila kitu. Nilisubiri. Nilikuwa naamka alfajiri, navaa ovaroli langu, nakaa mlangoni nasikiliza kama king'ora kitalia. Mama yako hakusubiri king'ora. Alifunga kitenge, akaja huku Bukima kwa ndugu zake, akaanza na beseni moja la dagaa. Siku aliyonifuata mjini hakunigombeza, alisema tu, "Baba Nyafuru, dagaa hawajui kama ulikuwa mwalimu. Njoo uanike." Nikaja. Kwa hiyo huko uendako, kitu kikikufungia, usikae mlangoni unasikiliza. Mimi nimesikiliza kwa niaba ya ukoo mzima, inatosha.

Huku Bukima ndiko nilikopaswa kukuona, nisikuone. Kazi yako wewe ulipotoka shule ilikuwa kufukuza ndege pale majabalini, dagaa wakiwa wameanikwa. Nilikuwa nakuona kwa mbali unarusha mikono, unaruka jabali hili na lile, unainama, unazunguka. Nikajisifu kwa wenzangu, jamani mwanangu ana bidii, hata kunguru mmoja hatui. Mpaka siku ile jirani yetu mzee Majura alipokuja na uso wa kutoa rambirambi.

"Baba Nyafuru," akasema, "mtoto wako anamfukuza nani pale?"

"Ndege."

"Ndege gani? Leo dagaa hawajaanikwa."

Nikatoka kutazama. Majabali yalikuwa matupu, meupe, na wewe uko juu yake peke yako unarusha mikono. Nilishikwa na aibu, nikamwambia mzee Majura kwamba unafanya mazoezi ya kufukuza. Hebu fikiria! Mwalimu wa ngoma mzima, aliyecheza Butiama, anaangalia ngoma inazaliwa mbele ya macho yake, anasema ni mazoezi ya kufukuza kunguru.

Lakini nielewe, mama. Kwetu mtu hachezi peke yake. Wewe umekulia katika hili na unalijua, ila naliandika kwa sababu ndilo lililonipandisha jukwaani. Mtu akitoka mbele ya mstari na kuingia katikati ya uwanja, lazima mwenzake amfuate ampokee. Asipopokewa, maana yake ndugu zake wamemtupa. Marehemu mama yangu, ambaye wewe umechukua jina lake na ndiyo maana nakuita mama, alinifundisha nikiwa bado naning'inia mgongoni mwake: ukimwona ndugu yako yuko uwanjani peke yake na hakuna wa kumpokea, ingia. Hata kama una kidonda mguuni, ingia. Kwa hiyo nilivyokuona peke yako kwenye majabali yale nilisikia kama natukanwa.

Ndiyo maana Mwalimu Bhoke alipokuja kutuomba ruhusa nilimpa shida. Maskini binti wa watu, ametoka chuo cha sanaa huko pwani, amekusanya vijana Mukendo, anawafundisha bure, mimi namhoji kama polisi. Akasema kutakuwa na onyesho, kila kijana atacheza peke yake, na mwalimu mmoja wa chuoni atakuja kutazama kama kuna wa kumchukua. Nikamwuliza, "Wamegombana, mpaka kila mtu acheze peke yake?"

Na hapo kati mjomba wako Masatu alikuwa ameshatia neno. Amejenga Manyamanyama, huko Bunda, ana meza yake ya mitumba pale sokoni, anataka mtu wa kuaminika wa kukaa nayo. Masatu si mtu mbaya. Anakupenda, na aliona unazeeka juu ya majabali. Tukakubaliana, mimi na yeye, kwamba utacheza siku hiyo moja. Yule mwalimu wa chuo akikuita, sawa. Asipokuita, jioni ile ile unapanda pikapu ya mjomba wako, mnakwenda Bunda, na habari ya kucheza isisikike tena. Tulikubaliana sisi wawili tumekaa kwenye kivuli cha nyumba. Wewe ulikuwa unaanika, hatukukuuliza. Ulipoambiwa ulisema "ndiyo baba", ukaenda kupanga sanduku lako, na mimi nikajiona mzazi mwenye busara. Mama yako siku hiyo alinipakulia ugali bila mboga.

Basi tukafika Mukendo. Ukumbi ulijaa, watu wanakaa mpaka madirishani. Mjomba wako alikuwa amekaa benchi la mbele yetu, na sanduku lako la bati kaliweka chini ya miguu yake. Nilikuwa naliona muda wote. Kila nikiinamisha macho naliona, na kamba yako nyekundu umelifunga.

Mwalimu Bhoke akatuomba tuwe watulivu mpaka kila kijana amalize. Nikamwuliza mama yako, "Utulivu kwenye ngoma? Tumekuja msibani?" Akanikanyaga mguu.

Wa kwanza walikuwa wazuri, sitasema uongo. Vijana wenye viungo, wanaruka, wanapinduka. Lakini jicho langu la zamani lilikuwa linafanya kazi: huyu namjua kaiga wapi, huyu kasahau mkono wake wa kushoto, huyu anacheza ili mama yake amwone. Kisha akaingia Magesa, yule mrefu mwenye masikio. Hana kitu mkononi. Akakaa juu ya baiskeli ambayo haipo, na nyuma yake kafunga gunia la dagaa ambalo halipo, akaanza kupiga pedali kwenda Bunda huku upepo unamjia usoni. Jamani! Mzigo ukaanza kulalia kulia. Ukalalia hivyo hivyo, na sisi sote ukumbini tukalalia kushoto kumsaidia. Kwenye mlima akashuka, akasukuma, mnyororo ukakatika. Nikasikia mtu anapiga kelele, "Geuza baiskeli juu chini, kijana!" Kumbe mtu huyo ni mimi. Mjomba wako, ambaye alianza maisha kwa baiskeli ya namna hiyo hiyo, alikuwa anafuta machozi kwa kucheka.

Magesa alipomaliza nikasimama nikauliza kwa sauti, "Nani katunga hii? Mtu huyu asimame nimwone!" Mwalimu Bhoke akaweka kidole mdomoni. Nikakaa. Nikamwambia mama yako, "Aliyetunga ile anajua kazi. Yule ndiye mwalimu. Magesa ni miguu tu, yule ana kichwa." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, na mama yako ni shahidi.

Halafu ukaingia wewe.

Ulivaa kitenge cha zamani cha mama yako, kile cha beseni la kwanza. Kijana wa ngoma alikuwa na ngoma yangu, ile ya kiwandani, maana niliwaazima. Akaanza kupiga taratibu, nawe ukaanza kuanika. Mkono unachota, unamwaga, unatandaza. Nikatulia. Mara ngoma ikanyamaza. Nikadhani kijana anabadilisha mkono. Akakaa tu, fimbo kwenye mapaja. Na wewe bado uko katikati ya uwanja, peke yako, hakuna ngoma, hakuna wa kukupokea, watu wote wanakutazama kimya, sanduku liko chini ya miguu ya mjomba wako.

Mama, moyo ulinipasuka. Nilimwona marehemu bibi yako akiniambia ingia. Nikaruka benchi. Mjomba wako anasema nilimkanyaga bega, inawezekana. Nikapanda jukwaani, nikamfikia yule kijana, nikamwambia, "Una wazimu? Mwanangu unamwachia nani?" Akaninong'oneza, "Mzee, kaniambia mwenyewe ninyamaze." Lakini fimbo nilikuwa nimeshaichukua, na mkono ulikuwa umeshashuka.

Duu!

Pigo moja. Ukumbi mzima ukashtuka. Nikajua nimekuua. Nilitamani sakafu ya jukwaa inimeze na ngoma yangu.

Na wewe ulifanya nini? Wewe ulisimama, ukageuza kichwa polepole kuelekea ziwani, kama mtu aliyesikia radi. Ukaangalia juu. Halafu ukaweka mgongo wa mkono kwenye paji la uso, ukatazama mawingu, ukajifuta kiganja kwenye paja. Watu wakaangalia juu na wao! Nakuapia, niliona vichwa vyote vinatazama dari.

Nikakaa chini pale pale karibu na ngoma. Ule mkono niliujua. Marehemu mama yangu ndivyo alivyokuwa anaitazama mvua shambani kwenye pamba, mgongo wa mkono kwenye paji, halafu kiganja kwenye paja. Nikasema kwa sauti, "Mama!" Wewe hukumwona bibi yako, alikufa kabla hujazaliwa. Umetoa wapi?

Mama yako akapaza sauti kutoka benchini, "Baba Nyafuru, huyo si mama yako! Huyo ni wewe!"

Watu wakacheka, nami nikalia. Kumbe kila asubuhi majabalini natazama mawingu hivyo hivyo, na sijawahi kujua. Wewe ulijua.

Ndipo mvua ikaja. Hakuna tone lililoanguka, lakini ilikuja, na ukaanza kuanua. Ulikimbia huku ukachota, ukakimbia kule ukakunja turubai, ukageuka kumwita mwenzako, na ulipofika kule ukawa ndiye mwenzako mwenyewe, unaitika. Mmoja mnene, mmoja ana mtoto mgongoni, mmoja mzee anayevuta mguu. Wote walikuwa wewe, na kila mmoja nilimtambua. Pale katikati ya mbio zile yule mama anayeuzaga dagaa kwa vikopo pale sokoni akasimama juu ya benchi, akapiga kelele:

"Mwanangu, na zangu! Upande ule, na zangu zinalowa!"

Nawe hukucheka, hukusita. Ulikimbia upande ule ule aliouonyesha, ukamuanulia. Mpaka punje ya mwisho. Ukumbi ukavunjika! Wanawake wote wakawa wanaita, na huku, na huku, na wewe unafika. Nilikuwa nimekaa chini kwenye jukwaa la Mukendo na nikauona mstari wangu. Wote walikuwepo, wamenyooka, wanageuka, wanainama. Ulikuwa umeubeba mstari mzima mwilini mwako, bila filimbi. Miaka yote ile nimetafuta watu wengi wawe mtu mmoja. Haikunijia kabisa kwamba mtu mmoja anaweza kuwa wengi.

Halafu ukakaa juu ya mzigo wako, ukajifunika kitenge kichwani, ukasikiliza mvua. Basi. Mwisho.

Kimya.

Kwetu kimya ni kufeli, unajua. Yule mwalimu wa chuo, mama mmoja mrefu, alikuja kuniambia baadaye kwamba kwao watu wakinyamaza hivyo ni kama watu waliowekewa chakula kitamu, bado wanatafuna. Likumbuke hilo huko uendako. Tunasema mcheza kwao hutunzwa, na huko hutakuwa kwenu. Siku ya kwanza ukicheza wakanyamaza, usitafute sanduku. Subiri wameze.

Sisi tulimeza haraka. Kelele iliyofuata ndiyo iliyokula koo langu. Watu walipanda jukwaani kukutunza, huyu khanga, huyu noti, na yule mama wa vikopo akakumwagia kikopo chake cha dagaa miguuni, wewe ukaanza kuwaokota kwa mazoea ukumbi mzima ukiangua kicheko. Mama mrefu akasimama, akamwuliza Mwalimu Bhoke nani kakutungia.

"Katunga mwenyewe," Mwalimu Bhoke akasema. "Na ile ya baiskeli pia ni yake. Yeye hata baiskeli hajui kupanda."

"Huyu mmoja?"

"Huyu huyu mmoja."

Mama mrefu akasema mbele ya watu wote, na mimi nilikuwa karibu nasikia kila neno: "Wachezaji ninao wengi. Watunzi sina. Huyu nimemchukua."

Nilijigonga kifua, nikawaambia watu, "Nilisema! Nilisema mwenye ile ni kichwa!" kama vile nilijua. Na mjomba wako Masatu, mtu mzima na kitambi chake, akainama chini ya benchi, akachukua sanduku lako, akajitwisha kichwani, akazunguka nalo ukumbi mzima akicheza, anaimba kwamba Manyamanyama wamekosa muuza duka. Mpokee mjomba wako kwa heshima kesho atakapokuja stendi. Alisema kama ungekwenda angekuweka kwenye meza ya nguo za watoto, na hilo lingekuwa kosa lake kubwa kuliko yangu yote.

Njiani kurudi nilikuuliza kuhusu ile radi, unakumbuka ulivyonijibu? "Baba, radi haikuwepo. Umeileta wewe, nikasema isipotee." Nimeifikiria sana kauli hiyo. Wambura alileta bega lake na mimi nikampa dereva soda yake. Wewe baba yako kakuharibia ngoma mbele ya mwalimu wa chuo, na ukamfanyia nafasi. Sina cha kukufundisha hapo. Nakuomba tu, siku ukiwa na vijana wako na wewe una filimbi shingoni, mtu akikuletea kitu ambacho hukukiagiza, kwanza utazame mawingu kama ulivyofanya siku ile.

Kuna walimu huko watakaotaka kukuweka kwenye mstari. Kaa kwenye mstari, mama, usiuchukie. Yule mwenye mtoto mgongoni na yule mzee wa kuvuta mguu uliwapata kwa kuwatazama wakiwa kwenye mstari wao. Ila jioni wakilala, panda kwenye majabali yako. Nimesikia pwani hakuna majabali kama ya kwetu. Utatafuta hata paa.

Nawasikia sasa, mmefika kwa mzee Majura. Anakuaga kwa sauti, anamweleza mama yako kwamba yeye ndiye aliyekugundua wa kwanza. Mwache ajisifu. Kwa namna yake ni kweli.

Kesho stendi mama yako atalia, mjomba wako ataimba. Mimi, gari likianza kutembea, usishangae ukichungulia dirishani ukaona mzee mmoja katikati ya stendi ya Musoma anacheza peke yake, hana ngoma, hana mstari. Usimwambie dereva asimame. Usishuke kunipokea. Sijatupwa, na sioni aibu. Na jirani yako wa kiti akikuuliza mzee yule anamfukuza nani, mwambie ni baba yako, na mwambie leo dagaa wameanikwa.

Mimi mwanao na baba yako,
Bwana Kidole